Mtindi Ulivyotoka Kibuyuni

Katika nyumba nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, shabaha ya kazi ya kusukasuka maziwa ilikuwa siagi. Mtindi ndio uliobaki kibuyuni siagi ikishatolewa.

Maziwa ya jioni yalimiminwa kibuyuni, yakaongezwa ya asubuhi, yakaachwa siku mbili tatu yagande. Hakuna aliyehitaji kutia chachu. Bakteria wa asidi ya laktiki walikuwa wamebaki kwenye kuta za kibuyu tangu maziwa yaliyotangulia. Wamaasai walikifukiza kibuyu kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu. Wakalenjin walikisugua ndani kwa mkaa wa senetwet, na ndiyo maana mursik yao, yaani maziwa mgando, mpaka leo ina michirizi ya kijivu. Moto na moshi vilipunguza vijidudu waharibifu, vikaacha na harufu inayopendwa.

Kisha kusukasuka. Nchini Rwanda mama aliketi chini, akalaza mapajani kibuyu kikubwa kiitwacho igisabo, akakiyumbisha mbele na nyuma. Asubuhi yenye ubaridi ndiyo iliyofaa, kwa kuwa mafuta yakipata joto hulainika mno, hayashikani. Mwanzoni husikika mchapo mzito wa maziwa mgando. Baadaye sauti hubadilika, mabonge yakaanza kugonga ukuta wa kibuyu. Hapo siagi huopolewa, huoshwa kwa maji baridi, na ikichemshwa huwa samli inayokaa miezi. Mtindi mwepesi, mchachu, hunywewa au huliwa kwa ugali.

Mpangilio huo ulivunjwa na mashine. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Sweden alibuni chombo cha kutenga krimu kwa mzunguko wa kasi. Krimu ikawa inatolewa maziwa yangali mabichi, na yanayobaki ni maziwa matamu yasiyo na mafuta: mtindi haupo. Mwaka 1925 walowezi wa Kenya walianzisha ushirika wa maziwa wa KCC, na siagi ya mjini ikawa kazi ya kiwanda.

Badiliko la pili lilikuwa joto. Maziwa yakipashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, vijidudu vya kifua kikuu na vya brusela hufa, na hiyo ni faida kubwa kwa afya. Lakini bakteria wa kugandisha nao hufa. Maziwa ya pakiti yakiachwa mezani mara nyingi huharibika na kuwa machungu badala ya kuganda vizuri. Kwa hiyo viwanda vya maziwa lala, yaani maziwa mgando, huyapasha kwanza, huyapoza, kisha hutia bakteria waliokuzwa makusudi.

Jikoni, watu wamepata njia mbili za kutengeneza mtindi. Ya kwanza ni ya haraka: kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau au siki katika kikombe cha maziwa, dakika kumi, yakatike. Kwa keki inatosha, maana kinachotakiwa ni asidi ya kuamsha magadi soda. Kwa kunywa haifai. Limau halileti harufu wala uzito ambao bakteria huujenga kwa saa nyingi.

Ya pili inafuata kanuni ya kibuyu. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe hadi vuguvugu, hukorogewa vijiko viwili vya mtindi ambao bado una bakteria hai, hufunikwa na kulala usiku kucha. Asubuhi yameganda. Anayetaka siagi huyatia kwenye chupa yenye mdomo mpana na kuitikisa, na mtindi halisi hubaki chini ya mabonge.