Faranga 90 kwa Mtu Mmoja: Majeshi Yalivyojazwa Kando ya Ziwa Mweru

Mwanamume mwenye afya, urefu wake ukipita mita 1.55, faranga 90. Kijana wa mita 1.35, faranga 65. Mtoto wa kiume, faranga 15, mradi afike mita 1.20 na awe na nguvu za kuihimili njia. Mwenye mke, 130. Msomaji asidhani anasoma bei za mnada wa ng'ombe. Hii ilikuwa bakshishi aliyoitangaza ofisa mmoja wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, katika wilaya ya Equateur nchini Kongo, kwa wale waliomkusanyia askari. Na fedha haikutoka mpaka mtu akabidhiwe makao makuu ya wilaya.

Equateur iko mbali sana na Ziwa Mweru, lakini mwenye Kongo alikuwa mmoja, na nchi yake ilifika hadi Pweto, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Julai 1891 Leopold alitoa amri ya kuandikisha askari wa jeshi lake, Force Publique. Gavana alipanga idadi, kisha wakuu wa wilaya na machifu wakatafuta watu wa kuitimiza. Mwaka huo huo, ufukweni Chienge, Mwingereza Richard Crawshay alifungua boma. Wabwile wa Chifu Puta na majirani zao Watabwa wakajikuta na serikali mbili zilizokuwa zikitazamana, kila moja ikihitaji mikono ya watu.

Sasa jiweke kwenye kigoda cha chifu. Tarishi amekuja na hajataja jina la mtu yeyote, ametaja hesabu tu. Utamtoa nani? Kwa Watabwa urithi hupita upande wa mama, basi mpwa wako, mtoto wa dada yako, haendi, maana kesho ndiye wewe. Anakwenda mtumwa, mwenye deni asiye na wa kumlipia, mgeni aliyehamia juzi, au yule mkaidi aliyekujibu vibaya barazani. Maofisa wa Kongo walilalamika mara nyingi kwamba machifu waliwaletea watumwa na watu wasiotakiwa vijijini mwao. Malalamiko hayo yananishangaza kidogo: amri yao wenyewe ndiyo iliyoacha mlango huo wazi.

Ujanja huu haukuzaliwa Afrika. Wasomaji wetu wanamfahamu Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, ila Mwalimu hakuigusa tamthilia ya Mfalme Henry IV, sehemu ya pili, iliyoandikwa miaka ya 1590. Humo mna bwana mnene, Falstaff, aliyetumwa shamba kuandikisha askari. Wanapangwa mbele yake wanavijiji kadhaa. Mouldy na Bullcalf, wenye miili ya kazi, wanampenyezea msaidizi wake fedha kwa siri, na wanaachwa warudi nyumbani. Wanaochukuliwa ni dhaifu, akiwemo fundi cherehani ambaye jina lake lenyewe, Feeble, maana yake ni mnyonge. Watazamaji wa London walicheka, na nadhani walicheka kwa sababu walikuwa wamewahi kuyaona.

Kwetu, mwandishi aliyeliingia jambo hili kwa kina ni Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Katika Paradise ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, askari wa Kijerumani wanapita wakiwakamata wanaume kwa nguvu. Kisha Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anakimbia kuifuata safu hiyo. Wengi hushangaa mwisho ule. Mimi naona Gurnah amesema jambo ambalo daftari la jeshi haliwezi kulisema: mtu aliyekwisha kutolewa kama malipo mara moja haoni tofauti kubwa kati ya kukamatwa na kujitolea. Katika Afterlives ya 2020 anarudi na Hamza na Ilyas, ambao wanajiandikisha wenyewe. Kambini Hamza anakutana na viboko, matusi, gwaride la kutwa, na kiburi cha askari mpya anayejifunza kumdharau mshenzi aliyekuwa yeye mwenyewe wiki iliyopita.

Vita vya 1914 vilipofika kusini mwa Ziwa Tanganyika, upungufu mkubwa ulikuwa wa wabebaji. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, na barabara hazikuwepo. Hebu tufanye hesabu. Mtu amebeba kilo 25 za unga na posho yake ni kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, bila kulishwa na mtu njiani, mzigo aliobeba umemlisha yeye, na askari aliyeko mbele amepata kilo moja. Ndiyo maana askari mmoja alihitaji wabebaji wengi nyuma yake, na wabebaji hao nao wakahitaji wengine.

Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo yenye Chienge, ilitawaliwa na Kampuni ya British South Africa. Wabebaji wake waliitwa tenga-tenga. Wakati Jenerali Edward Northey alipokuwa akiingia nchi ya Wajerumani mwaka 1916, tayari walihitajika kwa maelfu, na vita vilipopamba moto yapata theluthi moja ya wanaume wazima wa nchi nzima walikuwa katika kazi hiyo. Wengine walipiga kafi mitumbwi ya shehena katika vinamasi vya Bangweulu. Kenya ilitunga sheria ya kulazimisha watu mwaka 1915. Jina la kikosi chake, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo. Machifu huko nako walilipiza visasi vyao kwa orodha. Ushujaa wa wabebaji umeandikwa, ila orodha zinaonyesha tu nani alikwenda. Aliyebaki kwa kumpa mtu kuku au mbuzi hana safu yake katika daftari.

Watu wa Mweru walikuwa na silaha moja ambayo wenzao wengi hawakuwa nayo: maji ya mpakani. Walikwisha kuhamishwa ufukweni kwa sababu ya malale, wakazuiwa kuvua, wakatozwa kodi ya kibanda. Tarishi akionekana njiani, mtumbwi ulikuwa tayari. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, amezieleza hama-hama hizo za kati ya 1900 na 1940 kuwa ni upinzani wa kisiasa: familia zilivuka mto Luapula au ziwa kuukimbia ushuru na kazi za Wabelgiji, na nyingine zikavuka kinyume chake kuwakimbia Waingereza. Huenda walionana katikati ya maji.

Novemba 1918 Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipata habari za mwisho wa vita akiwa mto Chambeshi, na tarehe 25 akasalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala. Alikuwa na askari zaidi ya 1,100, na wapagazi karibu 1,500. Mishahara ya wabebaji wengi wa Afrika Mashariki waliofia njiani haikuwafikia jamaa zao. Ilibaki vitabuni kama fedha isiyo na mwenyewe, na maofisa waliotaka ilipwe waligombana na Hazina ya Uingereza kwa miaka.

Karibu karne moja baadaye mpaka ule ule ulivukwa tena: mwaka 2017 mapigano yaliripuka upya upande wa Kongo, nyuma ya Pweto. Maelfu ya watu walivuka kuingia Chienge na kupelekwa kambi ya muda ya Kenani, na baadaye Mantapala, Nchelenge. Wengi walikuja kwa miguu kupitia mpakani Lunchinda, wakiwa wamebeba mizigo yao kichwani.