Kompyuta ya gari: kifaa kipi husema kweli?

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, mafundi wengi hawaanzi tena kwa kufungua boneti. Huchomeka adapta ndogo chini ya usukani, hufungua programu kwenye simu na kusoma namba ya hitilafu. Kazi iliyokuwa ya mashine kubwa za gereji za makampuni sasa hufanyika kando ya barabara.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Adapta nyingi zilizoko madukani ni nakala za kuigiza, na baadhi hutoa majibu pungufu. Anayezitegemea aweza kununua kipuri asichokihitaji, au kulipia gari bovu akidhani ni zima.

Mfumo ulikotoka

Chimbuko la teknolojia hii ni moshi, si ufundi. Jimbo la California nchini Marekani, lililokuwa likipambana na uchafuzi wa hewa, lilitaka magari mapya ya kuanzia mwaka 1988 yawe na kompyuta inayojichunguza na kumwonya dereva. Kila kampuni ilifuata njia yake, na fundi alihitaji kifaa tofauti kwa kila aina ya gari.

Utaratibu wa pili, uitwao OBD-II, ulileta lugha ya pamoja. Ulikuwa wa lazima kwa magari mapya yote madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha yale ya dizeli. Soketi yake ina pini 16, na kwa kawaida huwa chini ya dashibodi upande wa dereva.

Umoja huo haukukamilika mara moja. Ndani ya soketi hiyo hiyo zilikuwapo itifaki tano za mawasiliano. Ni kuanzia matoleo ya mwaka 2008 ambapo Marekani ililazimisha moja tu, iitwayo CAN, iliyobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani katika miaka ya 1980.

Jinsi programu inavyozungumza na injini

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Programu hutuma swali kwa herufi na tarakimu, na adapta huligeuza kuwa ishara za umeme zinazofahamika na gari. Kwa mfano, swali 010C huuliza kasi ya mzunguko wa injini. Jibu laweza kuwa 41 0C 1A F8. Sehemu mbili za mwisho, zikisomwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ni 26 na 248. Mtayarishaji programu huzidisha 26 kwa 256, hujumlisha 248, kisha hugawa kwa 4. Injini inazunguka mara 1,726 kwa dakika.

Joto la maji ya injini ni rahisi zaidi: namba iliyopokewa hupunguzwa 40. Hapa ndipo programu nyingi changa hujikwaa. Gari lisipojibu, nazo zikahesabu ukimya huo kuwa sifuri, skrini huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, hata kama gari liko Mombasa saa saba mchana. Kutopata jibu si sawa na kupata sifuri, na programu nzuri humwambia mtumiaji tofauti hiyo.

Kanuni nyingine tatu humsaidia mtayarishaji. Aulize kwanza gari linaweza kujibu maswali gani, kwa kutuma 0100. Asitume swali jipya kabla adapta haijarudisha alama ya >, ambayo ni ishara kuwa iko tayari. Tena ahifadhi majibu ghafi kama yalivyopokewa, ili kosa la adapta lisisingiziwe injini.

Chipu ya Kanada na nakala zake

Adapta nyingi za bei nafuu hujitambulisha kwa jina ELM327. Hiyo ilikuwa chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Toleo lake la kwanza halikulindwa dhidi ya kunakiliwa, na nakala zikaenea duniani. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2022, lakini jina la chipu yake lingali limebandikwa kwenye vifaa ambavyo haikuvitengeneza.

Namba ya toleo si ushahidi. Adapta nyingi hudai kuwa toleo 1.5, ilhali Elm Electronics haikutoa toleo lenye namba hiyo. Nyingine hudai kuwa 2.1, toleo lililokuwapo kweli, lakini hukosa amri nyingi zilizokuwa za kawaida tangu matoleo ya awali.

Si kila nakala ni mbovu. Baadhi hufanya kazi za msingi bila tatizo. Kasoro hujitokeza gari linapotuma ujumbe mrefu, nafasi ya kumbukumbu ikajaa na jibu likakatika. Au pale adapta inapokosa kabisa baadhi ya itifaki za zamani.

Kuna njia rahisi ya kuipima. Mtumiaji huituma amri zilizomo katika mwongozo wa toleo inalodai kuwa. Ikirudisha alama ya kuuliza, maana yake haiifahamu amri hiyo. Kisha huijaribu kwenye gari linalojulikana kuwa zima. Wanaotaka uhakika zaidi huchagua adapta zenye chipu za familia ya STN, kama zile za OBDLink, ambazo hufuata amri za ELM327 na kuongeza zake.

Simu nayo ina masharti yake. Adapta za Bluetooth ya kawaida hufaa simu za Android. Kwa iPhone hutafutwa ya Wi-Fi, ya Bluetooth isiyotumia nguvu nyingi, au iliyoidhinishwa na Apple. Ya aina yoyote isiachwe kwenye soketi gari linapolala siku nyingi, kwani pini namba 16 hupata umeme wa betri wakati wote.

Magari yaliyotoka Japani

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Magari mengi huingia yakiwa yametumika Japani. Baadhi ya yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la nchi hiyo, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yana soketi ya pini 16 lakini kompyuta yake haifuati OBD-II kikamilifu. Adapta nzima kabisa yaweza kushindwa kuzungumza nayo. Ndugu aliyeko Dubai au London anayetaka kutuma kifaa nyumbani hana budi kuuliza kwanza gari ni la mwaka gani na lilitengenezwa kwa soko lipi.

Namba ya hitilafu si hukumu

Hata adapta ikisema kweli, namba huonyesha dalili tu. P0171 maana yake ni kuwa hewa imezidi au petroli imepungua katika injini. Chanzo chaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Fundi mzuri hutazama jinsi kompyuta inavyoongeza petroli. Kama nyongeza ni kubwa injini ikiwa sailensa na hupungua mzunguko ukipanda, huanza kutafuta hewa inayovuja. Kama huongezeka gari linapovuta mzigo, huanza na pampu na filta.

Taa iliyozimwa

Mnunuzi wa gari lililotumika ana sababu nyingine ya kujali. Amri moja tu, 04, hufuta namba za hitilafu na kuzima taa. Muuzaji asiye mwaminifu aweza kufanya hivyo dakika chache kabla ya mteja kufika.

Lakini amri hiyo huacha alama. Hufuta pia matokeo ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia, na baadhi yake hayakamiliki tena mpaka gari liendeshwe kwa muda katika mwendo wa aina mbalimbali. Magari mengi huhifadhi pia umbali yaliyosafiri tangu namba zilipofutwa, unaopatikana kwa swali 0131. Gari linaloonyesha kilomita 2 na majaribio yasiyokamilika huenda lilibadilishwa betri tu; huenda pia linaficha ugonjwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe maelezo, aliendeshe gari vya kutosha, kisha alipime upya kwa adapta anayoiamini.