Vimondo vya Agosti: Tutazame Bila ya Kutabiri

Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wa mbingu na ardhi. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka, baina ya tarehe 11 na 13 Agosti, vimondo viitwavyo Perseidi huzidi angani. Katika nchi za kaskazini, ambako huo ni msimu wa joto, vituo vya jamii vya kutazamia nyota hufunguliwa usiku na familia hukaa nje kuvihesabu. Je, yafaa Muislamu kushiriki?

Kinachoonekana si nyota iliyoanguka. Ni chembe za vumbi, nyingi ndogo kama mchanga, zilizoachwa na nyota yenye mkia iitwayo Swift-Tuttle, iliyogunduliwa mwaka 1862. Dunia inapopita kwenye vumbi hilo, chembe huingia kwa kasi ya kilomita 59 hivi kwa sekunde, zikawaka kiasi cha kilomita 100 juu yetu.

Kutazama kwa mazingatio ni jambo jema, kwani Qur-aan imetuhimiza kufikiri juu ya uumbaji wa mbingu. Kilichokatazwa ni kutabiri. Bado wapo wanaoona kimondo wakasema mkubwa fulani amefariki, na nyumba yenye mgonjwa ikaingiwa na hofu. Itikadi hiyo ni ya Jahiliyyah. Katika Sahihi Muslim, Ibn 'Abbaas amepokea kuwa Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliwabainishia Maswahaba kuwa kimondo hakirushwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Ama kuwa vimondo hurushiwa mashetani, kama ilivyo katika Suuratul-Mulk aya ya 5, tunaliamini bila ya kuuliza vipi. Kujua sababu ya kimaumbile hakupingani na habari ya ghaibu.

Hapa visiwani vimondo hivi huonekana vichache kuliko kaskazini, lakini huonekana. Tafuteni pahala penye giza kuanzia saa saba usiku, mkielekea kaskazini mashariki. Darubini haihitajiki. Yaacheni macho dakika ishirini yazoee giza, na simu zizimwe.

Wakati mzuri zaidi ni saa za mwisho kabla ya alfajiri, ndani ya thuluthi ya mwisho ya usiku. Basi waamsheni watoto watazame, mswali japo rakaa mbili, na mumwombee mgonjwa wenu badala ya kumhofia. Atakayekesha akapitwa na Swalah ya Alfajiri kwa uzembe, amepata hasara.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.