Soul Chini ya Anga: Uwanja, Pigo la Kwanza na Marufuku ya 1969

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kutoka ndani ya kumbi. Tunazijua bendi kwa baa zilikopiga, kwa mashirika yaliyozimiliki na kwa mitindo yao: msondo wa NUTA Jazz, saboso ya Western Jazz, likembe ya Morogoro Jazz. Ukumbi una kuta, una kiingilio, una meneja wa kuhojiwa. Mtafiti hupata pa kushika. Uwanja wa wazi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana suala la soul na fanki, lililozua ubishi mkali Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, limebaki kujadiliwa kama suala la asili tu: muziki huu ni wa nani, umetoka wapi? Makala hii inadai kwamba swali hilo liliulizwa mahali pasipo pake. Soul ilihukumiwa kwa yale yaliyoonekana katika madansi ya mjini, ilhali tabia yake hujitokeza wazi inapopigwa nje, mbele ya umati. Huko inafuata kanuni ambazo mcheza ngoma wa Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, angezitambua bila kufundishwa.

Mazingira ya marufuku yenyewe yanajulikana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililozaa Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikawa adui wa utamaduni wa taifa. Novemba mwaka huohuo uongozi wa Mkoa wa Pwani ukapiga marufuku muziki wa soul jijini. Hoja kubwa ilikuwa maadili, hasa ya wasichana wa shule. Lakini magazetini walijitokeza watetezi waliosema kwamba soul ni sauti ya watu weusi, na asili ya watu weusi ni Afrika. Itakuwaje basi iitwe ya kigeni?

Pande zote mbili zilikuwa zinarithi hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni. Alisikitika kwamba wengi walikuwa wamefunzwa kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini hawajawahi hata kusikia gombe sugu, mangala au lele mama. Hotuba ile ilikuwa na hoja nzuri kuliko utekelezaji wake. Mwalimu alilalamikia kutojua vya kwetu. Waliomfuata wakaelewa kwamba dawa ni kufuta vya wengine. Isitoshe, mjadala mzima ukageuka kulinganisha majina ya ngoma na majina ya dansi, kana kwamba jina ndilo linalochezwa.

Mfano bora wa kupima tabia ya soul inapopigwa nje ni Kinshasa. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei kulifanyika tamasha la siku tatu lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine, liende sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini wanamuziki hawakusubiri. Wakapiga. Walikuwemo B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, na James Brown na bendi yake, The J.B.'s. Kwa miongo kadhaa filamu zilizopigwa pale zilikwama katika migogoro ya kisheria, mpaka Soul Power ikatoka mwaka 2008.

Ukimtazama Brown katika filamu hiyo, usimtazame yeye peke yake, ingawa ni vigumu kuyaondoa macho kwa mtu aliyevaa suti ya kubana yenye herufi GFOS (Godfather of Soul) kiunoni. Tazama bendi. Gitaa linakwaruza kishindo kilekile kifupi, besi inarudi palepale, na kwa dakika nyingi muziki hauendi kokote. Kinachobadilika ni mkono wa Brown: anaukunja, tarumbeta na tromboni ya Fred Wesley zinapasuka kwa pamoja, anageuka, dramu zinasita, anajitupa chini, bendi inamsubiri. Hakuna wimbo wa kusimuliwa hapa, kuna uongozi. Na kila kitu kinaegemea pigo la kwanza la mzunguko, ambalo Brown aliwafundisha wanamuziki wake kuliheshimu kuliko mengine yote. Aliyekosea alitozwa faini.

Kwa nini pigo la kwanza? Jibu la kawaida ni kwamba Brown alikuwa Mwafrika rohoni. Siliamini sana jibu hilo, kwa sababu linaeleza kila kitu na hivyo halielezi chochote. Tuanze na fizikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani hulisikia pigo likiwa limechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Bendi ikienda kwa mapigo 110 kwa dakika, pigo moja hudumu zaidi kidogo ya nusu sekunde. Maana yake, mtu wa nyuma yuko nyuma ya bendi kwa zaidi ya nusu ya pigo. Akipiga makofi, makofi hayo yanarudi jukwaani yakiwa yamechelewa pigo zima na ushei. Bendi itakayofuata makofi ya uwanja itazama. Na muziki wenye mabadiliko mengi ya sauti utamfikia mtu wa nyuma ukiwa uji.

Fanki inalitatua tatizo hili kwa kufupisha mzunguko na kuupa nguzo moja. Kwa kuwa mzunguko ni uleule, anayechelewa bado yumo ndani yake.

Ngoma za katikati ya nchi zimelitatua kwa njia nyingine, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mcheza ngoma aliyefunga njuga miguuni hasubiri sauti imfikie alipo, anaibeba. Kila mguu unaotua ardhini ni kipaza sauti kidogo, na duara la wachezaji linausambaza mdundo kutoka katikati kwenda ukingoni. Wanawake wa Kigogo wanaobana ngoma za muheme katikati ya miguu wakicheza wanafanya jambo hilohilo: mpigaji na mchezaji ni mwili mmoja. Majibu ni mawili, lakini tatizo ni moja, yaani namna ya kuwaweka watu wengi ndani ya mdundo mmoja mahali pasipo na kuta. Mkoa wa Singida, kwa upepo wake, unaliongeza tatizo uzito. Upepo huinua sauti juu ya vichwa vya walio upande unakotoka na kuishusha kwa walio upande unakoelekea. Fundi wa vyombo asiyejua upepo unakotoka atapoteza nusu ya wasikilizaji wake.

Wapo watakaosema dansi la Tanzania halikuwa na habari na haya, kwa kuwa lilifuata rumba ya Kongo. Hoja hiyo inasahau chemko. Wimbo wa dansi huanza taratibu, maneno yakasikika, kisha huchemka: uimbaji unapungua, magitaa yanashika kishindo kifupi, na bendi inakaa hapo kadiri wachezaji wanavyotaka. Sahani ya santuri ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi zilizochapwa Nairobi zilikatwa vipande viwili, na upande wa pili mara nyingi ukawa ndio wa chemko. Sahani za Brown nazo zilikatwa hivyohivyo, sehemu ya kwanza na ya pili. Mikasi ilipita mahali palepale kwa sababu muziki ulijengwa kwa namna ileile.

Waliolielewa hilo mapema walikuwa wanamuziki wenyewe. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya vijana wa Tanzania na wenzao wa Kongo, iliuita mtindo wake kitoto, ikapiga fanki ya Kiswahili bila kuomba radhi. Albamu yao Ave Africa ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma, aliipa Afro 70 mtindo wa Afrosa; bendi hiyo iliwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977, na miaka miwili baadaye yeye akarekodi Sweden pamoja na bendi ya Archimedes. Mgogo huyu alikulia penye njuga na muheme kabla ya kuungana na bendi za Dar es Salaam. Kumwita mwigaji wa vya kigeni ni kumsoma kwa vyombo alivyoshika.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa. Tamasha la Kinshasa lilikuwa maonyesho ya Rais Mobutu, na fedha za tamasha zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia. Sera ya Mobutu ya uhalisi iliyowavua Wakongo suti na tai ndiyo iliyomkaribisha Brown na viatu vyake vya kisigino kirefu. Nalikubali hilo lote. Ila linaeleza kwa nini jukwaa lilijengwa, si kilichotokea bendi ilipoanza. Viwanja vya vijijini vina siasa zao pia. Mwenge unapopita, au kampeni inapofika Sepuka baada ya mavuno ya mtama na alizeti, ni jenereta na spika za mgombea zinazoamua nani acheze na kwa muda gani.

Kwa hiyo mtafiti atakayekwenda Ikungi kuuliza kuhusu muziki wa miaka ile asianze na orodha ya nyimbo. Aulize spika zilielekezwa wapi, watu walisimama umbali gani, chemko lilidumu muda gani kabla mtu hajazima mashine, na nani alikuwa na amri ya kuizima. Kanda za Redio Tanzania hazitamjibu, maana nyingi zilirekodiwa studio. Wazee waliocheza, wale ambao bado wapo, watamjibu.