Ofisi Hujulisha, Watu Huketisha

Lamadi ni mji wa njia panda. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma hupita hapo karibu na Ghuba ya Speke, na nyingine huchepuka kwenda Bariadi, kwenye mashamba ya pamba. Hadi mwaka 2012 mji huu ulikuwa ndani ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ndipo Busega ikawa wilaya na kuingizwa katika mkoa mpya wa Simiyu. Mipaka imehama, lakini swali moja la siasa limebaki pale pale tangu enzi za watemi: mtu akishika ofisi ya serikali, je, amekwisha kuwa msemaji wa watu? Naamini historia ya Usukuma, ambako mji huu uko, inajibu kwamba bado. Ofisi humtangaza mtu, lakini kiti cha uwakilishi huhitaji kibali cha pili, na kibali hicho hutoka chini.

Wasukuma waliijua tofauti hiyo kabla ya wakoloni. Ntemi, yaani mtawala, hakujiketisha mwenyewe: alichaguliwa na banang'oma, wazee wa baraza lake, nao waliweza kumwondoa. Vijana nao walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyeongoza kazi za pamoja za shambani. Mwaka 1926 Waingereza waliupindua mpangilio huo. Chini ya utawala wa kupitia watemi, ntemi akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, aliyewajibika zaidi kwa bwana shauri kuliko kwa wazee wake. Mwaka huo huo lilianzishwa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ambalo halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi 1945, alipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, pamoja na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Kidaha alikuwa msomi na mwenye uwezo, lakini njia aliyopitishwa ilikuwa na kasoro: utemi wenyewe ndio uliomfikisha barazani, na gavana ndiye aliyemteua. Kura za wananchi zilipokaribia, nguvu ilikuwa imehamia kwenye vyama vya ushirika wa pamba. Huko ndiko alikoinukia Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Na utemi, uliokuwa ngazi ya Kidaha, ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Kisa cha karibu zaidi na zama zetu ni cha Andrew Chenge wa Bariadi. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005, na kwa Katiba ya Tanzania mwenye cheo hicho ni mbunge bila kupigiwa kura. Kwa miaka kumi na miwili, basi, alikuwa ndani ya Bunge kwa uteuzi wa Rais, kama Kidaha alivyokuwa barazani kwa uteuzi wa gavana. Mwaka 2005 aliiacha ngazi hiyo, akagombea Bariadi Magharibi na kushinda. Mbunge wa wadhifa akawa mbunge wa watu. Tofauti ya viti hivyo viwili ilionekana Aprili 2008, alipojiuzulu uwaziri wa Miundombinu wakati wa uchunguzi wa ununuzi wa rada. Uwaziri, aliopewa kwa uteuzi, ulimtoka. Ubunge, aliopewa kwa kura, ulibaki, na wapiga kura walimrudisha mwaka 2010 na 2015.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba kibali hicho cha chini ni jina tu, kwa kuwa aliyekaa serikalini huja kwenye kampeni akiwa na jina, fedha na marafiki wakubwa ambao mkulima wa pamba hana. Hoja hii ina uzito, na sina nia ya kuipunguza. Uwanja haujawahi kuwa sawa. Lakini jirani kabisa, Bariadi Mashariki, John Cheyo wa chama cha UDP alishinda akiwa mpinzani na mfanyabiashara, bila ngazi ya serikali. Uwanja usio sawa haujawa uwanja uliofungwa. Pingamizi la pili husema ujuzi wa serikali ni mali, na Bunge linawahitaji wanasheria waliobobea. Nakubali. Ila ujuzi ni sababu ya kuchaguliwa, hauwezi kushika nafasi ya uchaguzi. Hata ntemi hodari alihitaji banang'oma.

Ndiyo maana safari ya kutoka ofisini hadi bungeni isihesabiwe kuwa ni kupanda tu. Anayeifanya kwa haki hushuka kwanza: huacha ulinzi wa uteuzi na kusimama mbele ya mvuvi wa Lamadi na mkulima wa Bariadi, ambao wanaweza kumkatalia. Kidaha hakupewa nafasi ya kupitia mtihani huo. Waliomfuata wameipata, na wapiga kura wa Simiyu wana wajibu wa kuhakikisha mtihani wenyewe haulegezwi.