Bei ya Sahani na Gharama ya Chungu

Swali la kama chakula kinunuliwacho kimekwisha kupikwa ni ghali au rahisi kuliko chakula kipikwacho nyumbani, huonekana kuwa swali la jikoni tu, tena dogo. Lakini mambo makubwa ya historia mara nyingi hukaa ndani ya vyungu. Nakusihi, msomaji kijana, unifuate hadi Bahati, kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, nchi ya baridi na udongo mwema iliyo kati ya mlima Menengai na msitu wa Bahati. Huko utaona ya kuwa bei iliyoandikwa ukutani mwa duka la chipsi ni jambo moja, na gharama ya chakula ni jambo jingine.

Yafaa kwanza tujue gharama yenyewe ni nini. Kila chakula kina gharama nne: vitu vibichi, moto wa kuvipikia, kazi ya mikono ya mpishi, na ardhi iliyoviotesha. Mtu anunuaye sahani iliyopikwa hulipa zote nne kwa fedha, tena kwa mara moja. Apikaye nyumbani hulipa baadhi kwa fedha na baadhi kwa jasho. Na jasho halina stakabadhi. Kwa hiyo wengi wanapolinganisha, huweka mezani hesabu nzima ya duka na nusu ya hesabu ya nyumba, kisha husema nyumba imeshinda.

Sasa tuitazame Bahati ya zamani. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde la Ufa, na nchi yao ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Walowezi walipata ardhi nyingi kuliko mikono ya kuilima. Basi zikaja jamaa za Wakikuyu, wengine pamoja na mbuzi na kondoo wao, wakaruhusiwa kukaa katika mashamba hayo na kulima vipande vyao wenyewe. Hao ndio walioitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka.

Fikiri juu ya chungu cha skwota wa wakati ule. Mahindi na maharagwe yalitoka katika kipande chake. Kuni ziliokotwa porini. Maji yalichotwa mtoni, na mpishi alikuwa mke wake. Labda chumvi tu ndiyo iliyohitaji senti. Kwa mtu atazamaye mfuko peke yake, hapakuwa na chakula rahisi kuliko hicho duniani.

Lakini mlowezi naye alijua hesabu. Kibarua wa mkataba, asiye na shamba, alipewa posho ya unga wa mahindi, kwa desturi ratili mbili kwa siku, pamoja na mshahara wake. Skwota alilipwa mshahara mdogo zaidi, kwa sababu ilifikiriwa ya kuwa anajilisha mwenyewe. Maana yake ni kwamba jembe la mke lilikuwa sehemu ya mshahara wa mume, na sehemu hiyo tajiri hakuitoa mfukoni mwake. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Katika mashamba yale mmoja alichuma juani, na mwingine akala kivulini. Wepesi wa chakula cha nyumbani haukuwa zawadi ya bure. Ulilipwa na mwanamke aliyepalilia alfajiri, akatwanga mchana na kupika jioni, bila jina lake kuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu.

Sheria nyingine ilitungwa mwaka 1937, ikaanza kutumika mwaka 1940. Hiyo iliwapa walowezi, kwa njia ya mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kupunguza ekari na mifugo ya maskwota, na kuongeza siku za kazi. Siku 180 zikawa 240, na mahali pengine 270. Wanyama wakauzwa, na vipande vya kulima vikakatwa. Angalia, kijana, jambo lililotukia: chungu kilikuwa kile kile, mpishi yule yule, na moto ule ule, ila ardhi iliondolewa chini ya chungu, na gharama yake ikapanda ghafula. Nyumba iliyokuwa ikivuna sasa ilihitaji kununua unga, na mshahara haukuongezwa kwa kadiri hiyo. Mwaka 1946 maskwota wengi walikataa kutia sahihi mikataba mipya. Wengi walifukuzwa katika mashamba. Sisemi ya kuwa vita vya Mau Mau, vilivyofanya serikali itangaze hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, vilitokana na bei ya unga peke yake. Nasema kwamba asiyejua habari ya chungu kilichopungukiwa hataielewa vema hasira ya watu wale.

Tangu mwaka 1962, uhuru ulipokaribia, mashamba makubwa ya Nyanda za Juu yalianza kununuliwa na kugawanywa, mengine na serikali kwa mipango ya makazi, mengine baadaye na makampuni na vyama vya ushirika vya wananchi. Watu wa Bahati wakapata viwanja vyao. Lakini kiwanja hugawanyika kati ya watoto, na watoto wa watoto, hata leo wako watu wengi waishio karibu na shamba bila kuwa na shamba.

Usidhani jambo hili ni la Kenya tu. Katika miji ya viwanda ya kaskazini ya Uingereza, tangu miaka ya 1860, samaki wa kukaanga pamoja na chipsi ndio waliokuwa chakula cha haraka cha wafanya kazi. Wanawake wengi wa Lancashire walishinda katika viwanda vya nguo, wakarudi jioni wamechoka, na jikoni hapana moto. Matajiri waliwalaumu kwa uvivu na ubadhirifu. Lakini mwanamke yule alikuwa amekwisha kuuza saa zake kiwandani. Saa za kupikia alizipata wapi? Hakununua samaki tu, alinunua na moto na muda.

Turudi Bahati ya leo. Nchi hii hulima viazi, na kando ya barabara iendayo Nyahururu utaona magunia yakingoja magari. Aina ipendwayo sana huitwa Shangi. Hukomaa upesi, lakini huchipua upesi pia, haiwekeki muda mrefu. Kwa hiyo wakati wa mavuno kila mkulima hulazimika kuuza siku zile zile, na bei huanguka. Kwa miaka mingi wanunuzi walidai gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, hata kanuni za mwaka 2019 zikaamuru ya kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Viazi hivyo hufika mjini, humenywa, hukatwa na kukaangwa. Katika maganda, na katika maji yatokayo kwa mvuke, karibu nusu ya uzito hupotea. Juu ya hayo huongezwa mafuta, moto, kodi ya kibanda, ujira wa mpishi na faida. Kisha mtoto wa mkulima yule yule, akitoka shuleni, hununua sahani ya viazi kwa bei iliyo mbali sana na ile aliyolipwa baba yake. Hapo ndipo ghali iliyo kweli.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Maharagwe makavu hutaka saa mbili au tatu za moto. Chungu kimoja cha githeri chenye kulisha watu sita, tena siku mbili, hugawa moto huo kwa matumbo mengi, na kila tumbo hulipa kidogo. Lakini kibarua aishiye peke yake katika chumba cha kupanga huwasha makaa yale yale kwa ajili ya tumbo moja. Na makaa hayana bei moja: serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, bei ya makaa ilipanda. Gesi nayo ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa kuwa 8 mwaka 2022, na kuondolewa mwaka 2023. Kibarua huyo akinunua sahani ya githeri kwa mama mwenye kibanda, pengine ametumia fedha chache kuliko angalipika mwenyewe, maana sufuria ya kibanda ni kubwa na moto wake umegawanywa kwa wengi. Chipsi hazina fadhila hiyo, kwa kuwa mafuta hayagawanyiki kama moto.

Basi, msomaji, usimwite mpumbavu anunuaye, wala usimwite tajiri apikaye. Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua karatasi uandike maswali manne: Vitu hivi vimetoka katika shamba la nani? Moto umelipiwa na nani, na kwa matumbo mangapi? Saa za kupika ni za nani? Na mtu huyo angalizifanyia nini kama asingalipika? Katika nyumba nyingi zenye watu wengi na kipande cha ardhi, utakuta chungu kinashinda sahani. Lakini swali la tatu usilirukie. Jibu lake, mara nyingi, ni mama yako. Na kama hesabu ya nyumba yenu inapendeza, ni haki nawe uchukue kisu umenye viazi.