Ufa, Kibali na Chokaa: Sheria za Mji Mkongwe Zilikotoka

Desemba 25, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba kuu la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka, mnara wa saa ukaenda nayo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lilikuwa limezungushiwa majukwaa ya mafundi, likikarabatiwa kwa msaada wa Oman. Hakuna nyumba Unguja iliyolindwa kwa karatasi nyingi kuliko hiyo. Ilikuwa ndani ya eneo la hifadhi lililotangazwa mwaka 1985, chini ya sheria na mpango wa 1994, na ndani ya mpaka wa Urithi wa Dunia uliowekwa na UNESCO mwaka 2000. Isitoshe, onyo lilikwisha kutolewa: mwaka 2012 pembe moja ya jengo ilidondoka.

Ilikuwaje basi mji wenye sheria zote hizo upoteze jumba lake kuu? Jibu limo katika historia ya sheria zenyewe: nani alizitunga, na alikuwa akitazama nini.

Tuanze na nyumba. Mji wa mawe tunaouona leo ulipanda zaidi katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo, nene za kutosha kuzuia joto la Kaskazi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima chumba. Kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Nyumba za Waarabu zilikuwa na uso mkavu kwa nje na ua ndani. Za Wahindi zilikuwa na duka chini, na roshani za mbao zikining'inia juu ya njia. Ukuta wa namna hii hupumua. Ukilowa hukauka, mradi paa ni zima na chokaa hupakwa kila baada ya misimu michache. Paa likivuja na kuachwa, maji huteremka hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, vikaoza polepole, na siku moja masika ghorofa nzima huketi chini.

Kabla ya mamlaka yoyote ya hifadhi, kazi hiyo ya kila msimu ilifanywa na mwenye nyumba, na kwa nyumba nyingi ilifanywa kwa njia ya wakfu. Mtu aliifungia nyumba isiuzwe wala isigawanywe, akaielekeza kwa kizazi chake, kwa msikiti au kwa maskini, na pato lake likatangulia kuitengeneza nyumba yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliuweka utaratibu huo mikononi mwa Kamisheni ya Wakfu. Sijaona mahali ambapo historia ya uhifadhi wa mji huu inaanzia hapo, na nadhani ni kasoro. Wakfu ulikuwa kanuni ya uhifadhi iliyokuja na mfuko wake wa fedha, jambo ambalo sheria zilizofuata hazikuliweza.

Wakoloni hawakuja na nia ya kuhifadhi. Manowari zao ndizo zilizobomoa jumba la Sultani Agosti 27, 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib uliharibika, na mnara wa saa uliobandikwa kwenye uso wa jengo ulikuja baada ya hapo. Walichokiona mjini ni msongamano, hewa nzito na maradhi. Mwaka 1923 mpangaji miji H. V. Lanchester alitoa taarifa yake juu ya Zanzibar, akipendekeza namna ya kuupanga mji na bandari yake. Mpango mwingine ukafuata mwaka 1958, wa Henry Kendall. Mengi ya hayo hayakutekelezwa, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa na michoro mingi kuliko fedha. Vichochoro vya Mkunazini na Kiponda vinadaiwa na ubahili huo kuliko na sheria yoyote.

Lakini jambo moja la wakoloni lilibaki. Mkondo wa bahari uliotenganisha mji na Ng'ambo ulifukiwa, barabara ya Darajani ikapita juu yake, na fikra ikabaki palepale: upande huu mawe, upande ule makuti na udongo. Sheria za uhifadhi zilipokuja miaka mingi baadaye zilishika mstari uleule. Ni katika muongo uliopita tu ndipo wapangaji wa serikali, kupitia mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, walipoanza kuuhesabu upande wa pili kuwa nao una historia ya kutunzwa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yakabadili suala la nani mwenye nyumba. Wenyewe wengi walikimbia, nyumba nyingi zikataifishwa, na familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba katika majumba ya watu waliokuwa mabwana zao. Huwezi kuisimulia habari hii kama msiba wa majengo tu. Kwa waliohamia ilikuwa ni haki. Hata hivyo nyumba ya mtu mmoja ikawa ya wapangaji kumi, kodi ikawekwa chini, na paa likawa la serikali, yaani si la mtu. Vyoo na majiko viliongezwa ghorofani, mabomba yakapitishwa katika kuta ambazo hazikujengwa kwa maji. Macho ya serikali nayo yalikuwa Michenzani, upande wa Ng'ambo, ambako maghorofa marefu yalipanda kufuatana na mpango wa mwaka 1968 wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Milango ya nakshi ikang'olewa na kuuzwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, kusikia nyumba imeanguka usiku hakukuwa habari tena.

Mwaka 1982 wataalamu wa Kichina walimaliza mpango mpya wa mji mzima, na wakati huohuo shirika la makazi la Umoja wa Mataifa likapima hali ya Mji Mkongwe peke yake. Kutokana na kazi hiyo ikaundwa, mwaka 1985, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Wakati ulikuwa unageuka: biashara ilikuwa ikifunguliwa, wageni wanaanza kuja, na serikali ikaanza kuwauzia watu binafsi baadhi ya nyumba zake kwa sharti la kuzikarabati. Wapo waliokarabati kwa moyo. Wapo waliobomoa wakajenga upya kwa zege, wakabandika mlango wa nakshi mbele, basi.

Ndipo likaja jambo kubwa zaidi. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulimleta Francesco Siravo, msanifu kutoka Italia ambaye miaka ya 1980 alikuwa ameshaandaa mpango kama huo kwa mji wa Lamu. Kikosi chake, pamoja na maofisa wa Mamlaka, kilipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya 1,600, kikiandika nani anaishi, paa likoje, mlango ni wa aina gani. Matokeo yake ni mpango wa 1994, ulioambatana na sheria ya Baraza la Wawakilishi mwaka huohuo. Majengo yalipangwa kwa madaraja. Zikalindwa hata baraza, milango, roshani, miti mikubwa, makaburi na viwanja vya wazi. Anayetaka kujenga, kubomoa au kubadilisha lazima apate kibali.

Ni mpango mzuri. Ukiusoma unaona watu walioupenda mji. Zahanati ya zamani ya Tharia Topan pale Malindi, iliyofufuliwa na mfuko uleule miaka ya 1990, inaonyesha kilichowezekana palipokuwa na fedha na mafundi. Tatizo lilikuwa kwa wasio na fedha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji Mkongwe, mwenye ufa huambiwa kwanza alete kibali. Chokaa iliyoiva vizuri ni ya kutafuta, boriti zina bei, fundi mwashi anayeijua kazi ya zamani ni mtu mzima. Saruji iko dukani. Mpangaji hununua mfuko, huziba, na ndani ya miaka michache unyevu uliofungiwa nyuma ya saruji huivua plasta yote, na kipande cha ukuta nacho.

Kwa wenye nguvu, kibali hakikuwa kikwazo kikubwa hivyo. Jengo la Mambo Msiige la Shangani, la katikati ya karne ya 19, lilitolewa kwa mwekezaji, na kando yake, penye kiwanja cha wazi, likapanda jengo jipya la hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wake mara kwa mara. Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuandikwa upya, mwaka 2010. Hoteli bado ipo.

Sheria hizi zimetungwa na watu waliousoma mji kuanzia barabarani: uso wa nyumba, urefu, mlango, rangi. Lakini nyumba hizi hufa kuanzia juu, paani na chooni, ambako mpita njia haoni. Beit al-Ajaib nayo ilivuja kwa miaka, huku uso wake ukipigwa picha kila jioni.

Sheria ikifunguliwa tena, ningeomba ianze huko juu. Kibali cha kuziba paa kitolewe siku hiyohiyo. Mamlaka iwe na tanuri la chokaa na iwauzie wakaazi kwa bei ya saruji. Na sehemu ya fedha za mahoteli ya Shangani iende moja kwa moja kwenye nyumba za wakfu zenye wapangaji, kwa mapaa na mabomba kwanza, na nakshi baadaye.